Mwenyeji na Mgeni katika Mji wa Nairobi

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Maana yake ni kwamba mgeni akizidi kukaa, hana budi kushika kazi pamoja na wenyeji wake, na akiisha kuishika, huhesabiwa kuwa mmoja wao. Historia ya Nairobi yatuonyesha mji ulioshika nusu tu ya mafundisho hayo. Ulimpa Mwafrika jembe tangu siku ya kwanza, lakini kwa miaka mingi ulikataa kumwita mwenyeji.

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji ukakua upesi. Vibarua, wapagazi, wachuuzi na watumishi wa nyumbani walijijengea vijiji kando ya mji, maana hawakujengewa makao ya kutosha. Mwaka 1902 tauni ilizuka, na soko la Wahindi likatiwa moto. Mwaka 1913 alikuja Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, akashauri kwamba kila rangi ya watu ikae mtaa wake. Tauni ilikuwa hatari ya kweli, wala hapana haja ya kuibeza. Lakini badala ya kuwapelekea maskini maji safi na mifereji ya uchafu, wakubwa wa mji waliona ni rahisi zaidi kuwahamisha.

Kijiji cha Pangani chatupa mfano ulio wazi. Wakaaji wake walijenga nyumba kwa fedha zao wenyewe, wakapangisha vyumba. Na wengi wa wenye nyumba hizo walikuwa wanawake waliojipatia mali kwa jasho lao. Mji ulipopanuka ukakifikia kijiji, ardhi ile ikatakiwa kwa matumizi mengine. Mwaka 1939 Pangani ikabomolewa, na wakaaji wengi wakapelekwa Shauri Moyo, katika nyumba zilizojengwa na halmashauri ya mji. Mtu aliyekuwa na nyumba yake akajikuta chini ya paa la halmashauri.

Kuvunja nyumba pekee hakukutosha, kwa kuwa aliyefukuzwa leo aliweza kurudi kesho. Ilitakiwa njia ya kumjua kila apitaye barabarani. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa umri wa miaka 16 na zaidi alipaswa kuchukua kipande, yaani karatasi yenye jina lake, alama za vidole vyake, jina la bwana wake na mshahara wake. Wengi walikitia katika kijaluba cha bati na kukitundika shingoni. Aliyeacha kazi bila sahihi ya bwana wake aliweza kutafutwa na kushtakiwa. Tena palikuwapo sheria ya uzururaji: asiye na kazi wala makao aliweza kukamatwa njiani na kuondolewa mjini.

Watu hawakunyamaza. Harry Thuku aliongoza malalamiko juu ya kipande na kodi, akakamatwa Machi 1922. Umati ulipokusanyika kudai afunguliwe, ulipigwa risasi, na watu wasiopungua 21 wakafa, akiwamo Mary Muthoni Nyanjiru aliyewatia wanaume moyo wasirudi nyuma.

Tarehe 24 Aprili 1954, wakati wa Hali ya Hatari, askari wapatao 25,000 waliuzingira mji. Watu walipangwa mistari, karatasi zao zikakaguliwa. Mbele yao waliwekwa wapelelezi waliofunikwa magunia, macho tu yakionekana. Ishara ya kichwa ilitosha kumpeleka mtu kizuizini. Zaidi ya 20,000 walifungwa, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru.

Uhuru ulikuja mwaka 1963, lakini mazoea haya hayakuondoka pamoja na bendera ya Mwingereza. Sheria ya uzururaji haikufutwa mpaka mwaka 1997. Mwezi wa Mei 1990 vibanda vya Muoroto vilibomolewa kwa nguvu, ingawa wenye mji sasa walikuwa Waafrika. Mwezi wa Aprili 2014, baada ya mashambulio ya magaidi, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa Eastleigh na kwingineko, na wengi wakawekwa katika uwanja wa Kasarani ili vyeti vyao vikaguliwe. Mwaka huohuo Serikali iliagiza kamera za kulinda barabara za Nairobi na Mombasa.

Hatusemi kwamba mji usipangwe, wala kwamba wahalifu wasitafutwe. Ugonjwa ulikuwapo mwaka 1902, na ugaidi ulikuwapo mwaka 2014. Lakini twaona kwamba hofu ya kweli yaweza kumwangukia asiye na kosa, na kwamba maneno mazuri kama usafi na usalama yametumiwa mara nyingi kuwahamisha wasio na sauti. Basi kijana asomaye historia hii, atakaposikia kwamba mtaa fulani utasafishwa, na aulize mambo mawili: waliokaa hapo watakwenda wapi, na je, waliulizwa? Waliojenga Pangani walishika jembe kama methali isemavyo. Walistahili kuitwa wenyeji.