Mdiria, Furu na Dagaa
Sisi wa Masumbwe tunachimba dhahabu. Mdiria wa Ziwa Victoria huchimba shimo kwenye ukingo wa udongo ili alee makinda. Huelea hewani, akajitupa majini, akaibuka na samaki. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Heinz-Ulrich Reyer aliona, upande wa Kenya, kwamba hata madume wasio ndugu huwasaidia wazazi kulisha. Naivasha, ambako kuvua ni rahisi, wazazi huwafukuza.

Kisha sangara, waliopandikizwa miaka ya 1950 na 1960, wakawafyeka furu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980, mdiria wa Ghuba ya Mwanza alikuwa anakula dagaa. Dagaa ni mwepesi. Makinda walewale wakahitaji samaki wengi zaidi. Katika hesabu za minofu iliyouzwa Ulaya, mizamio hiyo ya ziada siioni popote.