Neno na Matumizi Yake: Roshani
Siku hizi mafundi wa Kibaigwa, Dodoma, wanaizungushia varanda vioo, wanapanga viti vya mianzi na vyungu vya maua, kisha wanaiita "roshani". Siyo. Kweli, asili ya neno ni Kiajemi, na huko linahusu mwangaza. Hapo ndipo wanaposhikilia. Lakini kwa Mswahili roshani hutokeza ghorofani, mtu akasimama akachungulia njia. Nyumba ya chini haina roshani. Ina baraza, au varanda ukipenda. Wala usiiite sebule: sebule ni ya ndani. Basi sema "baraza la vioo". Na wewe fundi, vioo vingi visielekee magharibi: jua la alasiri la Dodoma linababua. Pazia jeupe nalo acha, malori ya mahindi yanapita hapo na vumbi lake.