Projekta na Sauti ya Msimulizi

Siku hizi wapo wasanii wa Ulaya na Marekani wanaozikusanya projekta kuukuu za filamu ya milimita 16 na kuziunganisha na kompyuta, hata mtazamaji akipita mbele yake picha hubadilika. Sanaa hiyo husifiwa kuwa mpya kwa sababu mtazamaji naye hushiriki. Mwalimu wa Arua au Koboko ana haki ya kutabasamu asikiapo sifa hizo. Katika Afrika ya Mashariki projekta ya vijijini ilihitaji kinywa cha mtu tangu zamani, na mwenye kinywa hicho alilazimika kuwasikiliza waliokaa mbele yake.

Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja L. A. Notcutt na wenzake walianza jaribio la kutengeneza sinema za elimu kwa Waafrika. Picha zao zilikuwa bubu. Maneno yalitiwa katika sahani za santuri, kwa Kiswahili na lugha nyinginezo, yakapigwa sambamba na picha. Lori lao lilizunguka Tanganyika na nchi jirani, Uganda ikiwamo, na mwaka 1937 jaribio likakoma. Kasoro ya santuri ni dhahiri: utepe ukikatika na kuungwa, picha kadhaa hupotea, lakini sahani husema yale yale, nayo haimjibu mtu akiuliza.

Idara ya Filamu za Makoloni, iliyoundwa London mwaka 1939 chini ya William Sellers, ilimtegemea zaidi mtu aliye hai. Msimulizi alisimama kando ya projekta na kipaza sauti. Gurudumu moja la futi 400, kwa mwendo wa picha 16 kwa sekunde, lilimpa kama dakika 17 za kusema. Sellers aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi, kwa hiyo akataka filamu za polepole. (Vijana waliokuja kuzifuata filamu za ngumi za Hong Kong bila kupotea hata hatua moja wameikanusha imani hiyo vya kutosha!)

Sasa na tumfikirie msimulizi wa namna hiyo katika Nile Magharibi. Arua atakuta Kilugbara, Koboko atakuta Kikakwa, lugha mbili zisizo na udugu wa karibu, na pote wapo Wanubi wenye lugha yao iliyozaliwa na Kiarabu cha askari. Kiswahili kingemsaidia, ila hapa kilisambaa zaidi kupitia jeshi, na masikioni mwa wengi kilibeba mlio wa amri. Mwaka 1973 Idi Amin, mtu wa asili ya Koboko, alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Kwa raia wengi hilo halikukiondolea harufu ya kambi, naona liliizidisha.

Sauti isiyo ya amri ilitoka mahali pengine kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika vibanda vya video vya Kampala, walitokea wasimulizi waitwao vijei, akiwamo Lingo aliyetangulia. Huipunguza sauti ya filamu ya kigeni, wakatafsiri kwa Kiganda, wakatania, wakamwonya shujaa. Watazamaji huwajibu. Dar es Salaam, Lufufu aliifanya kazi hiyo hiyo kwa Kiswahili, na mashabiki walinunua kanda kwa ajili ya sauti yake. Hakuna serikali iliyowalazimisha kumsikiliza.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Neno «lazima» limerudi tena, na mwalimu wa Koboko ndiye atakayelibeba darasani. Basi na aizime sauti ya filamu fupi, amwite mwanafunzi mbele, amwachie asimulie: huyu anaingia, yule amejificha, akamkamata. Wenzake wamkatize, wambishie, wamsahihishe. Kipaza sauti si lazima.