Wazazi wa Uholanzi walivyorudi kwenye baiskeli

Siku mbili tatu nimepotea, si unajua tena mambo ya majaribio na bumu kuchelewa. Leo nataka tupige historia kidogo, maana hapa chuoni kuna hoja naisikia kila mjadala wa usafiri ukianza: ati Waholanzi wanapanda baiskeli kwa kuwa ndio utamaduni wao na nchi yao ni tambarare. Ukiona picha ya mama wa Amsterdam kapakia watoto wawili kwenye boksi mbele ya baiskeli anawapeleka chekechea, unadhani wako hivyo tangu enzi za mababu. Sivyo. Tambarare ilikuwepo pia mwaka 1965, na mwaka huo watu walikuwa wanazikimbia baiskeli.

Kweli, kabla ya Vita Kuu ya Pili Uholanzi ilijaa baiskeli. Lakini miaka ya 1950 na 1960 watu walipata hela, wakafanya kile ambacho mtu yeyote akipata hela hufanya: wakanunua gari. Baiskeli ikawa ya mwanafunzi na ya asiye nacho (hapo Mtanzania ananielewa bila maelezo). Viwanja vya katikati ya miji vikageuka maegesho. Mwaka 1967 Mmarekani mmoja, David Jokinen, alitoa mpango wa kuingiza barabara kubwa za magari hadi ndani ya Amsterdam, na mitaa ya zamani ya wafanyakazi ivunjwe kuzipisha. Mpango wake haukupita, lakini kipindi kile haukuonekana wa kichaa hata kidogo. Ndiyo yalikuwa maendeleo.

Sasa njoo mwaka 1971. Mwaka huo peke yake, barabara za Uholanzi ziliua watu wapatao 3,300, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Nchi ndogo ile! Mmoja wa watoto hao alikuwa binti wa mwandishi wa habari aitwaye Vic Langenhoff. Mwaka uliofuata baba huyo aliandika makala kwenye gazeti lake la De Tijd, na kichwa chake kikawa jina la harakati nzima: Stop de Kindermoord, yaani komesheni mauaji ya watoto.

Liangalieni hilo jina vizuri. Sisi mtoto akigongwa tunasema "ajali haina kinga", tunachanga rambirambi, tunazika, maisha yanaendelea. Wazazi wale walilikataa neno ajali. Walisema haya ni mauaji, na kama ni mauaji basi kuna anayewajibika: aliyechora barabara, aliyeruhusu mwendo ule, diwani aliyepitisha bajeti. Mimi naona nusu ya ushindi wao ilikuwa kwenye neno hilo moja. Ajali unaivumilia, mauaji huwezi kuyavumilia.

Rais wa kwanza wa kundi hilo alikuwa Maartje van Putten, mama kijana wa Amsterdam aliyekuwa ameshuhudia watoto wakiumizwa mtaani kwake. (Baadaye alikuja kuwa mbunge wa Bunge la Ulaya.) Walifanya nini? Walikwenda kukaa kwenye sehemu zilizozoeleka kwa kugonga watu. Walifunga mitaa kwa siku nzima watoto wacheze. Walitoa meza nje wakala chakula katikati ya barabara, majirani wote pamoja, na polisi wakawasaidia. Mwaka 1972 watoto wenyewe wa mtaa wa De Pijp, wenye msongamano wa hatari, walionyeshwa kwenye runinga wakidai mtaa wao ufungwe kwa magari ili wapate pa kuchezea. Wapo madereva waliowakasirikia na kuondoa vizuizi. Kwa hiyo msidhani Waholanzi wote walipiga makofi.

Halafu ikaja Oktoba 1973, vita ya Mashariki ya Kati, na nchi za Kiarabu zikaikatia Uholanzi mafuta kwa kuiunga mkono Israeli. Serikali ya Joop den Uyl ikapiga marufuku magari siku za Jumapili kuanzia tarehe 4 Novemba. Picha za siku zile zinafurahisha: watu wanatembea na kuendesha baiskeli kwenye barabara kuu kama uwanja wa sikukuu. Wengi humalizia hadithi hapo, kwamba mafuta yalipopanda watu wakarudi kwenye baiskeli, basi. Mimi hapo nabisha, na ushahidi wangu uko hapa hapa nyumbani. Waulizeni wazazi wenu kuhusu Tanzania ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Na sisi tulikuwa na Jumapili bila magari! Saa nane mchana ikifika, gari lisilo na kibali halionekani barabarani. Mafuta yaliporudi, na magari yakarudi, na hakuna aliyedai hata mita moja ya njia ya baiskeli. Kule kwao marufuku iliondolewa mapema 1974, lakini wazazi walikuwa wameshajipanga kabla ya mafuta kukatika. Walichoonja Jumapili wakakidai na Jumatatu.

Na walikipata polepole. Mwaka 1975 kikaanzishwa chama cha waendesha baiskeli. Tilburg na The Hague zikajengewa njia za baiskeli za majaribio kwa msaada wa serikali kuu. Huko Delft walibuni mtaa waliouita woonerf, kama kusema ua wa makazi, ambamo gari ni mgeni: linakwenda mwendo wa mtu anayetembea, na watoto wanaruhusiwa kucheza barabarani. Mwaka 1976 ukaingia kwenye sheria. Baadaye, kwenye mambo ya fidia, ukigonga kwa gari mtoto wa chini ya miaka 14 anayetembea au yuko kwenye baiskeli, karibu kila mara mzigo wote ni wako hata kama ni yeye aliyekosea. Kufikia 2010 watoto waliokufa barabarani kwa mwaka walikuwa 14.

Kwa hiyo mzazi hakuanza yeye kuacha gari kwa moyo safi. Barabara ilibadilika kwanza, ndipo gari likaanza kuonekana usumbufu wa bure. Na kuna jambo ambalo sisi wa ualimu tulitazame: shule ya msingi kule ina mtihani wa usalama barabarani, wa kuandika na wa vitendo, mtoto anaendesha baiskeli mtaani huku anapimwa. Mtoto akishajiendesha mwenyewe, mzazi hana haja ya kuwa dereva wake. Mimi kwenye BTP nimeona wanafunzi wanaingia kipindi cha pili kikiwa nusu kwa sababu konda kawakatalia, na mwalimu anawapiga kwa kuchelewa.

Sasa lile boksi. Kwa Kiholanzi ni bakfiets, bak ni boksi, fiets ni baiskeli. Zamani lilikuwa la kusambazia mikate na mizigo, tuseme mkokoteni wa pedeli. Gari dogo la mizigo likaliua. Waliolifufua kwa ajili ya watoto walianzia Denmark: mwaka 1984 Lars Engstrøm, fundi wa eneo la Christiania hapo Copenhagen, alimtengenezea mwenzi wake baiskeli ya matairi matatu yenye boksi mbele, majirani wakaitaka. Denmark gari lilikuwa na ushuru wa usajili uliofika asilimia 180, kwa hiyo boksi lilikuwa na hesabu nzuri. Uholanzi likaenea kwenye miaka ya 2000, na kumbe likawa la wenye nazo! Wakatungiwa hadi neno la kejeli, bakfietsmoeder, mama wa boksi: msomi mwenye pesa anayeziba njia.

Na msiseme nawapamba. Septemba 2018 mjini Oss, kigari cha umeme cha kubebea watoto wa kituo cha malezi, kinaitwa Stint, kiligongwa na treni, watoto wanne wakafa. Siku chache baadaye waziri akaviondoa vyote barabarani. Februari 2024 kampuni ya Babboe ikaamriwa kusimamisha mauzo ya baiskeli za boksi kwa sababu ya fremu kukatika, na wazazi wakaambiwa nyingine wasizipande tena. Wadau mlioko huko wenye watoto, tupeni habari: asubuhi ile mliwapeleka na nini?