Bwawa Lililojaa Udongo na Swali la Mwenye Maji

Katika miji ya Katanga ya zamani si vigumu kuonyeshwa bwawa lililokufa. Mutu anakunyooshea kidole tu: pale, nyuma ya ile miti, kulikuwa maji. Wazee walivua pale siku ya Mungu, watoto waliogelea, na watu wa harusi walisimama kando ya maji kupigwa picha. Leo unaona matete, udongo mweusi, na mito ya mboga ambayo wamama wamelima katikati. Kisha, siku moja, anafika bwana fulani na karatasi mukononi anasema pale ni malupango, yamekwisha kupimwa.

Hata sisi wa chama tuko na bwawa la namna hii karibu na mutaa wetu, katika bustani ya wote iliyoachwa siku nyingi. Vijana wametoa shauri: tulichimbe upya, tuweke samaki, likuwe mali ya mutaa. Shauri ni zuri na tunalikubali. Lakini tumeombwa kuandika historia, basi tutauliza kwanza swali ambalo wazee wetu waliuliza mbele ya kutia wavu majini: mwenye maji ni nani?

Wale wa Luapula na Ziwa Mweru wanajua hadisi ya Nachituti. Huyu mama alikuwa dada ya Nkuba, mukubwa wa Washila, wale wavuvi wa ziwa. Nkuba alimuua mutoto wa Nachituti. Mama akaenda kulia kwa Mwata Kazembe, mukubwa wa Walunda waliofika kutoka magharibi katika karne ya 18, akamuomba amulipie kisasi. Kazembe alipomushinda Nkuba, Nachituti akamupa vitu viwili: kitunga cha udongo na chungu cha maji. Udongo ni inchi, maji ni ziwa na mito. Angalieni vizuri: ni zawadi mbili. Kwa wazee wetu kumiliki inchi ilikuwa jambo moja na kumiliki maji lingine. Tena Kazembe, ijapokuwa alishinda, hakuwafukuza wenyeji. Kila kidimbwi na kila mukono wa muto ulibaki na mwenyewe, mutu wa ukoo uliokuwa pale tangu zamani, ambaye alijua maneno ya kusema na mizimu, na ambaye alisema lini watu waanze kuvua na lini waache.

Si mambo ya dini tu. Pale wakati wa kipwa maji yanapopunguka na samaki wanabaki katika vidimbwi, wamama na watoto waliingia na vitunga, na mara nyingine walitumia buba, ile mimea inayolevya samaki. Buba inamaliza wote, wakubwa na wadogo. Kwa hiyo haikuwa kila mutu kutwanga buba vile anavyotaka. Mwenye maji alitoa ruhusa, kwa kidimbwi kitakachokauka tu, na yeye alipata sehemu yake. Mutu anayepata sehemu kila mwaka hawezi kupenda kidimbwi chake kife.

Mambo hayo yakivunjika inakuwa namna gani? Historia ya mpumbu inatuonyesha. Mpumbu alikuwa samaki mukubwa wa Luapula. Mvua ilipoanza alipanda muto kwa wingi kwenda kutaga mayai, na watu wa kando zote mbili walimungojea. Wazungu walipojenga Elisabethville mwaka wa 1910, na shaba ikaita maelfu ya wafanyakazi, wote hao walipaswa kupewa posho. Bukari bila kitoweo si chakula. Wafanyabiashara Wagiriki wakajipanga Kasenga, wakanunua samaki wa Luapula na Mweru, wakawatia katika barafu na kuwapeleka muji kwa malori. Nyavu zikawa nyingi, na neno la mwenye maji halikuwa tena na nguvu mbele ya mutu mwenye franga na lori. Kufika miaka ya 1950 mpumbu alikuwa karibu amekwisha. Walimukamata wakati ule ule anapopanda na mayai tumboni. Hapo hapana samaki anayeweza kuvumilia.

Leta iliona kwamba njaa ya kitoweo haitaisha kwa muto peke yake. Kisha vita ya 40-45 ikafunguliwa kazi ya Kipopo, karibu na Elisabethville, mahali pa kujifunza kufuga samaki. Mwaka wa 1949 wataalamu Wabeleji na Waingereza walikutana Elisabethville kuzungumuza jambo hilo tu. Waliwachagua samaki wa kwetu wawili. Mmoja ni yule wataalamu wanaita leo Oreochromis macrochir, anayekula vimelea vidogo vya majini, na ambaye mama anaweka mayai ndani ya kinywa mpaka watoto waweze kuogelea. Wa pili ni Coptodon rendalli, mulaji wa majani. Ukimutupia matamba ya muhogo anakula. Kutoka hapo kazi ikasambaa Kongo nzima. Mwisho wa ukoloni walihesabu mabwawa zaidi ya 120.000, jumla yake hekta karibu 4.000. Gawanya mwenyewe: kila bwawa ni kama ari tatu, kiwanja kidogo cha jamaa moja.

Hesabu hiyo imewadanganya wengi. Inaonekana kama watu wote walipenda kufuga samaki. Lakini tangu sheria ya 1917 Leta iliweza kuwalazimisha watu wa vijijini kufanya kazi ya shamba kwa amri, na aliyekataa alijua njia ya boloko. Pahali pengi bwawa nalo lilifika kwa mulango huo huo: agronome amesema, kapita amepima, watu wachimbe. Samaki walikuwa wa mwenye kuchimba, ni kweli, lakini bwawa lilikuwa la agronome. Uhuru ulipofika mwaka wa 1960, na Katanga ikaingia mara moja katika mambo ya kujitenga mpaka 1963, agronome akaenda zake. Nani angerudi kutengeneza ukuta wa bwawa la mutu mwingine? Mabwawa yalikufa kwa maelfu. Baadaye, katika miaka ya 1970 na 1980, vijana wa Corps de la Paix wa Marekani walifundisha upya kwa njia nyingine, jamaa kwa jamaa, bila amri, zaidi sana Kasai na Bandundu, mpaka walipoondoka katika machafuko ya 1991. Sisi tunaona kazi yao ilikuwa ndogo kuliko ya Wabeleji kwa hesabu, na kubwa zaidi kwa maana: mutu alichimba kwa sababu amekubali.

Tena udongo haungoji siasa. Bwawa ni mahali ambapo maji yanapunguza mwendo, na maji yakipunguza mwendo yanaweka chini vyote yalivyobeba. Huku kwetu mvua ya mwaka mzima, kama milimita 1.200, inaanguka karibu yote kati ya mwezi wa 11 na wa 4. Pale kulikuwa pori la miombo, majani na mizizi vilishika udongo. Siku hizi pori kando ya Lubumbashi limekatwa mbali sana kwa ajili ya makala, na mvua ya kwanza ya mwezi wa 11 inakuta udongo uko uchi. Basi anayechimba bwawa bila kutazama kilima kilicho juu yake, atachimba tena kisha miaka michache. Kule juu papandwe majani na miti kwanza, au kuchimbwe shimo dogo mbele ya bwawa, linaloshika udongo na linaloweza kumwagwa kila kipwa.

Kuna neno lingine ambalo watu wa inchi nyingine hawana lazima ya kulifikiri, sisi tuko nayo. Ziwa Tshangalele karibu na Likasi lilizaliwa mwaka wa 1930, Lufira ilipofungwa Mwadingusha kwa kutoa umeme. Limelisha wavuvi wengi. Lakini maji ya viwanda vya Likasi yameliingia miaka na miaka, na wataalamu walipopima samaki walikuta kobalti na shaba nyingi ndani yao. Udongo wa chini ya bwawa ni kama kitabu cha muji: kila kilichotoka juu kimeandikwa pale. Kwa hiyo udongo wa bwawa letu upimwe mbele ya kuuchimba. Kama ni safi, ni mbolea nzuri kabisa. Kama si safi, hata mboga zinazolimwa pale sasa ziko na shida, na ni heri tujue.

Tukipata jibu zuri, kazi yenyewe si ya ajabu. Inafanyika mwezi wa 8 na wa 9, maji yakiwa chini. Kijito kinapitishwa pembeni, mulango wa kutolea maji unafunguliwa, udongo unaachwa ukauke kidogo, kisha majembe, vitunga na pusipusi. Ukuta unatengenezwa kwa udongo wa mufinyanzi uliopondwa vizuri, bila mizizi ndani, maana muzizi ukioza unaacha tundu na maji yanapita. Chokaa kidogo chini. Katika kona moja panafungwa uzio wa miti wa kutia samadi na majani yaoze. Maji yakigeuka rangi ya kijani, watoto wa samaki wanaingia, wawili kwa kila mita ya mraba wanatosha. Mwezi wa 6 na wa 7, kwa baridi yetu, hawakui sana. Yule anayewahesabia miezi kama wa Kinshasa atakasirika bure.

Shida kubwa ya tilapia si kufa, ni kuzaa. Akifika miezi mitatu ao mine ameanza, na bwawa lisilovuliwa linajaa samaki wa kidole kimoja. Hapa bwawa linatofautiana na muto: kwa mpumbu neno la mwenye maji lilikuwa «ngojeni», kwa tilapia mara nyingi ni «vueni, tena mapema». Lakini lazima neno liwe moja. Kama kila mutu anavua kwa saa yake, mwenye nguvu atapata wakubwa, na mujane atapata vidole.

Katika chama hatukubaliani wote. Wazee wanataka mutu mmoja awe mwenye maji, mwenye haki ya kufunga na kufungua. Vijana wanataka kamati na kadi ya kulipia. Sisi tunaoandika haya tunaona kamati bila mwenye maji itakula samaki kwenye mikutano, na mwenye maji bila kamati atauza bwawa kwa yule bwana wa malupango. Tungependa hesabu ianzie kwenye udongo: yule aliyebeba vitunga aandikwe, na sehemu ya kwanza ya samaki iwe yake, tajiri aliyetoa franga awe wa pili.

Wanabaki wale wamama wa mboga. Kwenye mikutano ya kwanza watu walisema juu ya bwawa kama pale hapana mutu. Lakini mito ya lengalenga na ya shu iko pale, na watoto wanasoma kwa hiyo mboga. Tukirudisha maji, tunafunika mashamba yao. Kwa mawazo yetu wao ndio wenye maji wa leo, maana ndio peke yao waliolinda mahali pale pasijengwe. Udongo utakaotoka uende kwanza kando ya bwawa, upimwe na ugawanywe kwao mbele ya mvua, na viti vya kamati vianze kwao. Kama hawatakubali, bwawa lingoje.