Ngara na Mfano wa Domino

Domino, au dhumna kama wanavyoiita wachezaji wa mabaraza ya Zanzibar, ni mchezo wa vipande 28 vyenye nukta kuanzia sufuri hadi sita. Vipande hivyo vikisimamishwa kwa mstari, cha kwanza kikisukumwa huangusha cha pili, na cha pili huangusha cha tatu. Kutokana na mwenendo huo jina la mchezo likaingia katika siasa. Tarehe 7 Aprili 1954 Rais Dwight Eisenhower wa Marekani aliutumia mfano huo mbele ya waandishi wa habari: Indochina ikichukuliwa na wakomunisti, nchi jirani zitafuata moja baada ya nyingine. Tangu hapo mfano huo hutumika kuelezea vita, benki zinazofilisika na serikali zinazopinduliwa. Hutumika pia kuelezea Maziwa Makuu ya miaka ya 1990, na mahali pazuri pa kuupima ni Ngara, wilaya ya Tanzania inayopakana na Rwanda na Burundi, pamoja na jirani yake Biharamulo.

Watu wa Ngara hawakuwa wageni kwa wenzao wa ng'ambo. Kihangaza kinakaribiana sana na Kirundi, na Bugufi, sehemu ya Ngara, ilikuwa chini ya ufalme wa Burundi kabla ya Waingereza kuitawala pamoja na Tanganyika. Machafuko yaliyoanza Rwanda mwaka 1959 yaliwaleta Watutsi wengi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 baadhi yao walipewa makazi Muyenzi, wilayani Ngara. Wengine walikimbilia Uganda. Huko watoto wao walianzisha chama cha RPF, kilichoingia Rwanda kwa vita tarehe 1 Oktoba 1990.

Tarehe 21 Oktoba 1993 wanajeshi wa Burundi walimuua Melchior Ndadaye, rais wa kwanza wa nchi hiyo kuchaguliwa katika uchaguzi wa vyama vingi, na Mhutu wa kwanza kushika wadhifa huo. Mamia ya maelfu ya Warundi walikimbilia Rwanda, Zaire na Tanzania. Siku mbili baadaye, kwenye mkutano wa hadhara Nyamirambo, Kigali, mwanasiasa Froduald Karamira alikigeuza kifo hicho kuwa wito wa Wahutu kuungana dhidi ya Watutsi. Hapa mfano wa domino unaanza kupotosha. Kipande cha mchezo hakina hiari. Kifo cha Ndadaye hakikuvuka mpaka chenyewe, kilivushwa na watu waliotaka kukitumia. Mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994 yalikuwa na wapangaji, wanamgambo waliofunzwa na redio ya kuchochea. Kuyaita maanguko ya mfuatano tu ni kuwapa wauaji mahali pa kujificha.

Ndege ya Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda ilitunguliwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ikitoka kwenye mkutano wa Dar es Salaam. Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi alikufa pamoja naye. Jeshi la RPF lilipokaribia mpaka wa mashariki, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, tarehe 28 na 29 Aprili. Ngara, wilaya ambayo wenyeji wake hawakufika laki mbili, ikawa na kambi ya Benaco, iliyotajwa wakati huo kuwa kubwa kuliko zote duniani. Viongozi walioongoza mauaji walivuka pamoja na wananchi wao na kuendelea kuwatawala kambini. Kwa sababu hiyo tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka mwishoni mwa 1994.

Wenyeji waliubeba mzigo huo kwa namna ambayo haionekani katika hesabu za misaada. Misitu ilikatwa kwa ajili ya kuni. Wanyama wa mapori ya Burigi na Biharamulo waliwindwa, na nyama yao ikapikwa kambini gizani, ikifichwa kwa jina la mboga ya majani. Ujambazi ulishamiri barabarani, na kwa miaka mingi mabasi yaliyopita kwenye mapori ya Biharamulo yalisindikizwa na polisi wenye silaha. Yapo pia yaliyojengwa: Radio Kwizera, iliyoanzishwa na Wajesuiti mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi, iliendelea kuwatangazia wenyeji baada ya kambi kufungwa.

Mwisho wa Machi 1995 Tanzania ilifunga mpaka wake. Vita vya Zaire vilipovunja kambi za wakimbizi wa Rwanda za Goma mnamo Novemba 1996, na mamia ya maelfu kurudi Rwanda kwa siku chache, serikali ya Tanzania na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa walitangaza kuwa Wanyarwanda wote waondoke ifikapo tarehe 31 Desemba. Wengi waliziacha kambi wakaelekea ndani ya nchi, lakini jeshi liliwageuza na kuwarudisha Rusumo. Hadi mwisho wa mwezi karibu nusu milioni walikuwa wamevuka, na mashirika ya haki za binadamu yalilaumu kwamba wengi hawakwenda kwa hiari. Warundi walibaki katika kambi ya Lukole, Ngara, hadi ilipofungwa mwaka 2008. Mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato.