Safu ya Lugha: Gothiki si kila kinachotisha

Siku hizi neno "gothiki" hubandikwa kwenye kila filamu yenye damu na mizimu. Ni makosa, na yanaipunja aina ya riwaya yenye historia yake.

Wagothi walikuwa watu wa jamii za Kijerumani. Kundi lao moja liliuteka na kuupora mji wa Roma mwaka 410. Karne nyingi baadaye, waandishi wa Italia waliligeuza jina hilo kuwa tusi kwa majengo ya enzi za kati, yale yenye matao yaliyochongoka. Kisha neno likaingia vitabuni: toleo la pili la The Castle of Otranto ya Horace Walpole, mwaka 1765, lilijitambulisha kuwa hadithi ya kigothi.

Nyumba ndiyo moyo wa riwaya ya gothiki. Katika Jane Eyre (1847), mwalimu wa nyumbani anampenda mwenye jumba huku kicheko cha ajabu kikisikika ghorofa ya juu, alikofungiwa mke wa bwana huyo. Rebecca ya Daphne du Maurier (1938) haina mzimu hata mmoja: mke mpya anafika Manderley na kukuta chumba cha marehemu mke wa kwanza kimetunzwa, vazi lake la kulalia na brashi za nywele vikiwa tayari kama vile atarudi usiku huohuo.

Taharuki, ile hamu ya kujua litakalofuata, ipo hata katika riwaya ya upelelezi. Gothiki huidai pamoja na mapenzi, jumba la kale na siri ya familia. Mauaji ya barabarani, hata yaogofye vipi, yatoshe kuitwa hadithi ya kutisha.